Mtafute Wakili Kabla Hujasaini

Watu wengi humtafuta wakili siku wanapopokea samansi. Siku hiyo mkataba ulishasainiwa zamani, fedha zilishatoka, maandishi ya risiti yamefutika, na simu iliyokuwa na meseji zote imeshauzwa. Wakili anayekabidhiwa mgogoro katika hali hiyo anaokota kilichobaki. Wapo pia wanaokimbilia wakili kwa jambo ambalo barua moja na nauli ya kufika ofisi ya mdhibiti vingelimaliza, wakajikuta wamelipa ada inayozidi thamani ya kitu wanachodai. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja. Tumemzoea wakili kama mtu wa kuvaa joho na kusimama mahakamani, tukasahau kwamba tunaweza kumlipa kwa saa moja ya kusoma karatasi na kutueleza tunajifunga na nini. Kwa mtu wa kawaida, saa hiyo moja ndiyo huduma yenye faida kuliko zote anazotoa wakili, na mara nyingi ndiyo ya bei ndogo kuliko zote.

Nitakayoyasema yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za mikataba na za kumlinda mlaji, na Kenya nitaigusa kidogo tu.

Migogoro unayoweza kuisimamia mwenyewe

Chukua mgogoro unaotokea kila wiki katika mitaa yetu. Umemlipa fundi seremala kianzio cha shilingi laki nne akutengenezee kabati, mkapatana wiki tatu. Miezi mitatu imepita, kabati halijaonekana, na simu inaita bila kupokelewa. Mkataba upo, hata kama hamkuandika chochote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai maandishi kwa mapatano ya namna hii. Inataka watu wazima wenye akili timamu waliokubaliana kwa hiari, kila mmoja akitoa chake, juu ya jambo lililo halali. Kinachobaki ni ushahidi, na huo unao: muamala wa simu wa siku uliyotuma pesa, meseji mlizoandikiana, jirani aliyekuwepo mkipatana bei. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe haukataliwi mahakamani kwa sababu tu umetoka kwenye simu. Usiufute, na usimpe fundi wa simu kifaa hicho kabla hujauhifadhi kwingine.

Shauri kama hili ni la Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Unaweza kufika na kueleza dai lako kwa mdomo likaandikwa hapohapo. Ada ya kufungulia ni ndogo na lugha ni Kiswahili. Ukiwa mgonjwa au mzee, mahakama inaweza kumruhusu ndugu yako au mtu wa nyumbani kwako akusemee. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama humo. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliwafungulia mlango katika zile tu zinazosimamiwa na hakimu mkazi. Utaratibu wote wa Mahakama ya Mwanzo uliundwa kwa ajili ya mtu anayejisemea, na hakimu amezoea kuuliza maswali ambayo kwingine angeuliza wakili. Ukimlipa wakili laki tano ili udai laki nne, umeshapoteza kabla hujaitwa ndani. Hata mahakama ikikupa gharama za kesi, gharama hizo hukadiriwa, na ni nadra kufikia zote ulizotoa mfukoni.

Wenzetu wa Kenya wana mlango mzuri zaidi. Mahakama yao ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe, na mdai anaweza kujisimamia. Ningependa sana kuona ukomo wa namna hiyo wa siku ukiwekwa na huku kwetu, kwa sababu mdai mdogo huchoshwa na tarehe kuliko anavyochoshwa na sheria.

Bidhaa mbovu ina mtego wake, na mtego wenyewe ni kuchelewa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huingiza ndani ya mauzo masharti ambayo hata hamkuyataja: bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na pale muuzaji anapoifanya kazi hiyo kama biashara yake, iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa matumizi uliyomweleza. Hapo umelindwa vizuri. Lakini sheria hiyohiyo inamhesabu mnunuzi kuwa ameikubali bidhaa akikaa nayo kwa muda unaopita kiasi bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa. Akishahesabiwa hivyo, haki ya kuirudisha na kudai pesa yote humponyoka, akabaki na haki ya kudai fidia, ambayo ni ndogo na ngumu kuithibitisha. Kwa hiyo jokofu lisilogandisha usiendelee kulitumia miezi minne huku ukilalamika kwa majirani. Siku uliyogundua ubovu, mwandikie muuzaji, hata kwa WhatsApp: tarehe uliyonunua, namba ya risiti, ubovu wenyewe, na sentensi moja iliyo wazi kwamba huitaki na unataka irekebishwe, ibadilishwe au urudishiwe fedha. Ambatisha picha.

Lile tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi limewanyima watu wengi haki yao kwa kuwatisha tu. Tangazo peke yake halimwondolei muuzaji wajibu wa kukuuzia kitu kizima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya aina hiyo bila wewe kuwa na wakili. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, EFD, kila unaponunua. Ndiyo inayoonyesha ulinunua nini, kwa nani, siku gani na kwa bei gani.

Huduma nazo zina wasimamizi wake. Umeme, maji na mafuta ni EWURA. Simu, vifurushi na intaneti ni TCRA. Mabasi, daladala na reli ni LATRA. Benki na wakopeshaji wenye leseni wako chini ya Benki Kuu, ambayo ilitunga kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Bima ikikataa kukulipa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na humhitaji wakili ili kumfikia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuruka ngazi. Wote hawa watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma mwenyewe na alikujibu nini. Nenda huko kwanza, lalamika kwa maandishi, omba namba ya malalamiko, subiri muda uliowekwa, halafu panda. Aliyekwenda na barua yenye mhuri wa kupokelewa husikilizwa. Aliyekwenda na maneno matupu hurudishwa akaanze upya, akiwa ameshalipa nauli.

Niseme pia juu ya polisi, kwa sababu ndiko wengi wetu hukimbilia kwanza. Mtu kushindwa kutimiza mkataba si jinai. Jinai ipo pale ambapo tangu mwanzo alikudanganya ili apate fedha zako: amekuuzia gari lisilo lake, amejitambulisha kwa jina la mtu mwingine, ameonyesha hati ya kughushi. Hapo nenda kituoni bila kusita. Lakini ukimweka mdaiwa mahabusu ili ndugu zake wachange, unaweza kugeuka wewe ukawa mshtakiwa katika kesi ya kumfungia mtu isivyo halali, na deni lako likabaki palepale.

Barua kabla ya wakili, na wakili kwa barua

Dai lolote huanza na barua ya madai, na barua hiyo unaweza kuiandika mwenyewe kwenye ukurasa mmoja. Eleza mlikubaliana nini na lini, wewe umetimiza nini, mwenzako hajatimiza nini, unadai kiasi gani na kimehesabiwaje, na unampa siku ngapi. Siku 14 zinatosha kwa madeni mengi. Usitukane na usitishie mambo usiyoyaweza, kwa sababu barua hiyo itasomwa na hakimu. Mpelekee mbele ya shahidi, asaini nakala yako. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba amekataa.

Barua yako ikipuuzwa na deni likawa kubwa kiasi, mwajiri wakili kwa ajili ya barua tu. Watu wengi hawajui kwamba jambo hilo linawezekana. Si lazima umkabidhi kesi nzima. Unaweza kumlipa aandike barua moja, au asome mkataba mmoja, au akae nawe saa moja akueleze kama dai lako lina miguu, kisha mkaachana kwa heshima. Barua yenye nembo ya ofisi ya wakili humfanya mdaiwa apige simu ambayo aliikwepa kwa miezi, kwa kuwa sasa anajua kwamba umeshajua njia ya mahakamani.

Kabla hujaenda mbali zaidi ya hapo, jiulize swali ambalo hasira huliziba: huyu mtu ana nini? Kushinda kesi na kulipwa ni mambo mawili. Mdaiwa asipolipa baada ya hukumu, unarudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, na dalali wa mahakama anatumwa kukamata mali. Mali hiyo lazima iwepo, iwe ya mdaiwa, na ijulikane ilipo. Nimeona watu wenye hukumu nzuri kabisa, zilizoandikwa kwa umakini, wakizunguka nazo kwenye bahasha kwa sababu mdaiwa amepanga chumba kimoja na pikipiki anayoendesha ni ya tajiri wake. Ikiwa hana kitu, makubaliano ya kulipa kidogokidogo kila mwezi, yaliyosainiwa mbele ya mashahidi, yana thamani kuliko hukumu ya milioni nzima.

Na hakikisha unamdai anayedaiwa. Ingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili kampuni na majina ya biashara, uangalie jina lililo kwenye risiti ni la nani. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria na hudaiwa kwa jina lake, hata kama mkurugenzi ndiye aliyepokea fedha kwa mkono wake. Jina la biashara ni jambo jingine; nyuma yake yupo mtu, na huyo ndiye unayemtafuta. Mashauri mengi hufutwa kwa kosa hili tu, mdai akaambiwa aanze upya.

Hapa usisubiri

Yapo mambo ambayo kila siku unayokaa bila wakili inakugharimu. La kwanza ni samansi kutoka Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Unazo siku 21 tangu uipokee kuwasilisha utetezi wako kwa maandishi. Siku hizo zikipita, mdai anaweza kuomba hukumu upande mmoja, na kuifungua tena hukumu ya namna hiyo ni kazi kubwa kuliko ambavyo ingekuwa kujibu. Wengi hupokea samansi Ijumaa, wakaiweka kabatini wakisubiri mshahara. Usiikatae pia ukidhani kwamba usipoipokea kesi haipo. Mahakama ina njia nyingine za kuhakikisha imekufikia, likiwemo tangazo la gazeti.

La pili ni nyumba iliyowekwa rehani. Benki inayotaka kuuza dhamana ya ardhi haiwezi kuamka asubuhi ikaleta dalali. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya kushindwa kulipa, na siku 60 zipite. Mnada wa ardhi nao unahitaji tangazo la siku zisizopungua 14. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wako ilitakiwa tangu rehani inawekwa. Wakili akiona kwamba hatua mojawapo imerukwa, ana la kuiambia mahakama akiomba zuio la muda. Lakini zuio huombwa nyundo ikiwa bado haijagonga. Mnunuzi wa mnada aliyelipa kwa nia njema analindwa na sheria, na baada ya hapo unabaki kudai fidia ya fedha huku familia ikitafuta pa kulala. Siku unayopokea notisi ya siku 60 ndiyo siku ya kwenda kwa wakili. Ukisubiri hadi vipaza sauti vianze kupita mtaani, utakuwa umempunguzia nafasi karibu zote. Wakati huohuo endelea kuongea na benki, kwa maandishi, kuhusu kupanga upya marejesho. Wakili mzuri atakuhimiza ufanye hivyo.

La tatu ni mgogoro na serikali. Ikiwa ulijenga madarasa ya halmashauri ukanyimwa malipo, au wakala wa serikali umevunja mkataba wako wa ugavi, huwezi kufungua kesi moja kwa moja. Lazima utoe notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 takwa hilo linazigusa pia serikali za mitaa na mashirika ya umma. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Asipounganishwa, kesi inaharibika. Hapa usijaribu peke yako.

Mengine niyapitie kwa kifupi. Ukiona mkataba wako una kipengele cha usuluhishi, yaani mgogoro uende kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakama, pata ushauri kabla hujafungua chochote. Upande wa pili ukikuletea karatasi ya "kumaliza mambo" iliyoandikwa na wakili wake, usiisaini kabla wako hajaisoma, kwa kuwa ndani yake mara nyingi mna sentensi ya kukiri deni lote au kuachia madai mengine yote. Na muda ukikaribia kwisha, kimbia. Dai la mkataba lina miaka sita, la madhara miaka mitatu, la kurudisha ardhi miaka 12. Siku moja baada ya hapo mahakama haitakusikiliza hata kama una haki yote.

Saini

Sasa nirudi kwenye saa ile moja ya kusoma karatasi, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mikataba ya kila siku haihitaji wakili. Lakini ipo michache katika maisha ya mtu ambayo, ikiharibika, inaondoka na kazi ya miaka: kununua kiwanja au nyumba, kujenga, kukopa kwa kuweka dhamana, kumdhamini mtu mwingine benki, kuingia ubia, kupanga fremu ya biashara kwa miaka mingi huku ukitoa kilemba kikubwa. Kwa hii, ada ya wakili ihesabu kama sehemu ya bei, kama unavyohesabu saruji.

Sababu ni kanuni moja ya ushahidi ambayo watu huijua wakiwa wamechelewa. Mkishaandika makubaliano yenu, mahakama kwa kawaida haitapokea maneno ya mdomo yanayopingana na maandishi hayo. Afisa mikopo aliyekuambia "hicho kipengele hatukitumii sana" hatakuwepo mahakamani, na hata akiwepo, karatasi ndiyo itakayosema. Muuzaji aliyekuahidi kwamba barabara itafika mpaka kwenye kiwanja, basi na iandikwe kwamba itafika, lini, na isipofika mtafanyaje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi nazo ni mali.

Mikataba mingi ya mabenki na makampuni huandikwa kwa Kiingereza kigumu, nayo hutiwa saini na watu ambao biashara zao zote wanaziendesha kwa Kiswahili. Mtu mzima mwenye duka la mamilioni anaona haya kusema hajaelewa, anasaini kila ukurasa anapoonyeshwa kidole. Ndugu yangu, hakuna aibu hapo. Sema unaondoka na nakala na utairudisha kesho. Anayekukatalia kuondoka na nakala ya mkataba kabla ya kusaini amekupa sababu ya kutosaini. Wakili akikusomea, atakuonyesha vitu vitano au sita tu: riba inahesabiwaje ukichelewa, nini kinahesabiwa kuwa umevunja mkataba, nani anaweza kuuvunja na kwa notisi ya muda gani, dhamana inashikilia mkopo huu peke yake au na mikopo mingine ya baadaye, na mgogoro utapelekwa wapi. Atakuambia pia lipi linaweza kubadilishwa, na hapo wengi hushangaa, kwa sababu walidhani karatasi iliyochapishwa haibadiliki.

Katika ardhi nitasema kwa mkazo zaidi. Mkataba wa kuuziana ardhi ni lazima uwe wa maandishi. Mhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mwenyekiti alikuwepo mkilipana. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Kama kiwanja kina hati, upekuzi kwa Msajili wa Hati utaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani, na kama kuna zuio. Kama ni ardhi ya kijiji, utaratibu unapitia Halmashauri ya Kijiji, na bila hiyo una karatasi isiyoweza kukusaidia. Muuzaji mwenye ndoa, umwone mwenzi wake. Muuzaji anayeuza shamba la marehemu, uone barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi hadi ilipiwe. Haya wakili anaweza kuyakagua kwa siku chache.

Lakini awe wakili wako. Mauzo mengi ya viwanja hufanyika kwa wakili aliyeletwa na muuzaji au dalali, ambaye anaandika mkataba, anapokea ada kutoka kwa mnunuzi, na anapiga mhuri kwa wote wawili. Mtu huyo ameshuhudia saini zenu. Hakuna popote alipojiuliza kama wewe unadhulumiwa, kwa sababu hakuwa na kazi hiyo. Lipa wa kwako.

Kumchagua na kumlipa

Wapo vishoka. Wana ofisi, wana mihuri, wengine wana joho, na hawajawahi kuapishwa. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambamo unaweza kutafuta jina la wakili ukaona kama yumo kwenye orodha na kama leseni yake ya mwaka ni hai. Fanya hivyo hata kwa mtu uliyeelekezwa na mchungaji au shehe wako. Mwanasheria aliyehitimu chuo anaweza kukueleza sheria vizuri, lakini kama hajaapishwa kuwa wakili hawezi kukusimamia mahakamani kwa malipo.

Ada ikubalianwe kwa maandishi siku ya kwanza. Iandikwe ni ya kazi gani: ushauri, barua, kesi hadi hukumu, au pamoja na kukazia hukumu na rufaa. Iandikwe kama ndani yake mna ada za mahakama, nauli na kuchapa hati, na utalipa kwa awamu zipi. Dai risiti. Anayekuhakikishia ushindi, mkimbie, na anayekuomba fedha "za kumwona hakimu" mkimbie haraka zaidi, kwa kuwa anakuingiza kwenye kosa la jinai.

Unapokwenda kumwona wakili mara ya kwanza, usiende na hadithi peke yake. Andika matukio kwa mpangilio wa tarehe kwenye karatasi moja au mbili. Peleka mkataba wote na viambatisho, risiti, taarifa ya muamala, meseji zilizochapishwa zikionyesha namba na tarehe, na barua ulizopokea pamoja na bahasha zake. Yaliyo mabaya kwako uyataje wewe mwenyewe. Kama ulichelewesha malipo, kama uliwahi kuandika meseji ya kukiri, kama kuna fedha ulipokea bila kusaini, wakili wako ayajue siku hiyo, asije akayasikia kutoka kwa wakili wa upande wa pili. Kisha muulize: kwa karatasi hizi, nina dai au sina? Udhaifu wangu mkubwa uko wapi? Itachukua muda gani na itanigharimu kiasi gani hadi fedha ziwe mkononi? Ungekuwa wewe, ungepatana kwa kiasi gani? Wakili anayejibu swali la mwisho kwa uaminifu anastahili ada yake, hata kama jibu lake ni kwamba usiende mahakamani.

Na kama huna uwezo, usikate tamaa kabla hujauliza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo hadi wilayani, na inaweka utaratibu wa mtu asiye na uwezo kusaidiwa bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake na Chama cha Mawakili wa Tanganyika navyo hutoa msaada wa kisheria kwa wasiojiweza. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kukuelekeza aliye karibu. Nenda mapema huko pia, kwa sababu siku za kujibu samansi hazisimami kwa ajili ya mtu anayetafuta msaada.

Shauri likishaanza, omba wakili wako akupe nakala ya kila hati inayowasilishwa na tarehe ya kila hatua. Mambo yakiharibika kati yenu, una haki ya kubadilisha wakili, na nakala hizo zitamwezesha anayefuata kuendelea pale mlipoishia. Kama shauri lilikuwa Mahakama ya Mwanzo na hukumu haikukuridhisha, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Omba nakala ya hukumu kwa barua siku hiyohiyo inaposomwa, tunza nakala ya barua hiyo yenye mhuri wa mahakama, kisha nenda kalipe saa moja ya wakili akwambie kama rufaa hiyo ina maana.